Waraka kutoka Katoyi: Shira, Mapovu na Wakwe wa Kabare

Kwa Mjomba wangu mpendwa, na kwa jamaa wote wa barazani, Pangani.

Mimi ni mzima wa afya, na hofu yangu ni juu yenu nyinyi mlioko huko pwani, ambao naamini mnaendelea kupata samaki wabichi na upepo wa kusi, ilhali mimi huku napata baridi ya mlimani na vumbi jeusi la mawe ya moto yaliyopoa. Katika waraka wako uliopita uliniuliza swali moja tu, nalo ni hili: je, ni kweli kwamba kijana wenu, aliyehitimu chuoni mbele ya macho ya mji mzima, sasa anaonekana uani kwa watu wa Goma akipika pombe? Habari hiyo, Mjomba, imesafiri upesi kuliko shehena yoyote niliyopata kuipokea kutoka bandari ya Dar es Salaam, na mimi ni karani wa shehena, najua mwendo wa vitu. Lakini kama ilivyo desturi ya mizigo inayopitia mikono mingi, imewafikia ikiwa imepungua upande mmoja na kuongezeka upande mwingine. Nilichopika mimi ni shira. Kilichotiwa ndani ya shira baadaye, na aliyekitia, na sababu ya wakwe kutaka kuondoka na mbuzi wao, ndiyo hadithi yenyewe, nami naomba uisome mbele ya baraza yote, isipokuwa pale nitakapokuambia uruke.

Katoyi ni mtaa wa komini ya Karisimbi, na nyumba zake nyingi ni za mbao, zimesimamishwa juu ya miamba ya volkano, na nyua zake zimezungushiwa kuta za mawe yayo hayo yaliyopangwa bila saruji kwa ustadi ambao sijauona kwa waashi wa kwetu. Asubuhi nzima hupita chukudu, ile baiskeli ya mbao isiyo na kanyagio, zimepakia madumu ya maji na magunia ya makaa. Na usiku, kukiwa hakuna mawingu, tunauona mdomo wa mlima Nyiragongo ukiwa mwekundu, kutukumbusha kwamba kodi ya mwenye nyumba siyo deni kubwa kuliko yote tuliyo nayo. Mwenye nyumba wangu ni mama mmoja mwenye haiba na sauti, muuza vitenge, na bintiye alikuwa ameposwa na watu wa Kabare, kule Kivu ya Kusini, ambao waliahidi kuja kwa meli ya ziwani kutoka Bukavu kuleta mahari. Kila kitu kilikuwa kimekwisha kupangwa, kreti za Primus zimekwisha kuagizwa, ndipo ndugu yake mama akawasili kutoka Ubelgiji.

Bwana huyu anakaa Brussels katika mtaa wa Matonge, uliopewa jina la mtaa wa Kinshasa kwa ajili ya Wakongo waliojaa humo, na kwa muda wote aliokaa huko amejipatia suti tatu, heshima nyingi, na yakini isiyotikisika kwamba watu waliostaarabika hawafungui karamu kwa bia. “Dada,” alisema siku ya pili, “hii Primus batu bote banakunywa. Tutabapokea wakwe na kokteli.” Kisha akafungua bati dogo la biskuti, na ndani yake mlikuwa na maua makavu ya rangi ya ukindu, yananukia mno. Mama akayatazama, akamtazama nduguye, akasema kwamba wakwe wa Kabare wanapenda Primus, ya baridi, na ile kubwa ya sentilita 72. Naye akajibiwa kwa Kifaransa kirefu, ambacho katika nyumba ile ndicho kinachomaliza ubishi.

Maua hayo, Mjomba, ni ya mti wa Ulaya uitwao msambuku, unaomea kando za barabara na nyuma ya nyua kama magugu, na mwisho wa Mei na mwanzo wa Juni huchanua vishada vipana vya maua meupe madogo kuliko punje ya mtama. Nimeambiwa, na baadaye nimesoma, kwamba huchumwa asubuhi kavu yenye jua tu, wala hayaoshwi, maana harufu yake yote iko katika chavua, na anayeyaosha hubakiwa na majani. Na kwamba mabua hayana budi kutolewa yote, kwa kuwa yana sumu ya jamii moja na ile ya muhogo mchungu. Watu wa Denmark zamani waliitakidi kwamba ndani ya mti huo anakaa bibi mmoja, mama wa msambuku, naye asipoombwa ruhusa kabla ya kukatwa tawi hulipiza kisasi, jambo ambalo halitamshangaza mtu yeyote wa Pangani aliyewahi kupita chini ya mbuyu wakati wa magharibi. Wazungu huyapenda maua haya hata kufikishana mahakamani: mwaka 1993 mahakama ya rufaa ya Uingereza iliamua kesi ya wenye shampeni wa Ufaransa, nyumba ya Taittinger ikiwa mbele, dhidi ya watu wa Surrey waliotengeneza kinywaji cha msambuku chenye mapovu, kisicho na kileo hata tone, wakathubutu kukiita shampeni, na Wafaransa wakashinda. Mimi niliposikia hayo niliona ndugu yake mama ana haki ya kuyabeba maua yake kwa mikono miwili.

Hapa, Mjomba, kama Sheikh yupo barazani, ruka aya moja.

Kinywaji chenyewe kinataka jini, nayo ni pombe kali ya nafaka iliyopitishwa katika matunda ya mreteni. Waholanzi na Wabelgiji ndio waliotangulia kuipika, Waingereza wakaijua kwao, na kufika mwaka 1751 London ilikuwa imelewa kiasi kwamba bunge lilipitisha sheria ya kuizuia na mchoraji Hogarth akauchora mtaa mzima wa walevi, na mama anayemwachilia mtoto aanguke ngazini. Nayo mataifa hayohayo, walipokutana Brussels mwaka 1890, wakaafikiana kuiwekea mipaka biashara ya pombe kali katika sehemu kubwa ya Afrika kwa ajili ya kutuhurumia sisi. Ndugu yake mama alikuwa amekuja na chupa moja ya jini ya Ubelgiji, lakini jamaa waliokuja kumpa pole ya safari walimpa pole mpaka chupa ikaisha usiku uleule. Basi ikaletwa badala yake waragi ya Uganda, ambayo ni mjukuu halali wa enguli ya vichakani, kwa maana katika miaka ya 1960 serikali ya huko ilitunga sheria kwamba wapishi wa enguli wakate leseni, na pombe yao ikasafishwe kiwandani. Na bwana wa Brussels, baada ya kuinusa kwa muda mrefu uso ukiwa umekunjamana, akasema itafaa, maadamu wakwe hawataiona chupa.

Sasa msomaji anaweza kurudi. Suala la shira liliniangukia mimi, si kwa kuomba, bali kwa sababu mama alitangaza mbele ya majirani kwamba Mutanzania anatoka baharini, na watu wa baharini wanajua mambo ya sukari na marashi. Sikuwa na la kukanusha. Nani katika sisi hajakunywa sharubati ya waridi katika walima, au hajamwona shangazi akisimama juu ya sufuria ya shira ya kaimati, akiwafukuza watoto kwa mwiko? Niliyoyaona utotoni pale mlangoni ndiyo niliyoyatenda Katoyi: maji ya ziwa, yaliyochemshwa kwanza kwa kuwa huku hayanywewi hivihivi, lita moja kwa kilo moja ya sukari, juu ya makaa yasiyo na pupa, povu la kijivu likapanda, nikaliengua kwa upawa mpaka uso ukawa safi, kisha nikaliteremsha sufuria kabla shira haijafika kuvuta uzi baina ya kidole na gumba, maana shira inayovuta uzi ni ya kaimati, ya kunywa inatakiwa itiririke. Hapo bwana wa Brussels akataka kuyatia maua papo hapo. Nikamzuia. Moto huua harufu, na hili huhitaji kusomea Ulaya kulijua. Tulingoja hata sufuria likashikika kwa mkono mtupu, ndipo maua yakaingia, pamoja na ndimu zilizokatwa vipande, tukalifunika kwa kitambaa cha melimeli likalala.

Majirani walipita kwa zamu. “Mutanzania, ile uko unapika ni nini? Supu ya maua?” Nikasema ni supu ya maua. Asubuhi, nilipoichuja, shira ilikuwa ya rangi ya asali changa, na harufu yake, naapa, ilisimama mlangoni kama mgeni mwenye adabu: inabisha, haijipenyezi. Mimi niliyelelewa na asumini na langilangi nikakiri kwamba mti ule wa magugu una lake la kusema.

Yaliyobaki ni mapovu, na hapo ndipo elimu ilipotaka kutuua. Mpwa wa mama, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Goma, kijana mwenye miwani na subira, alitusomesha uani kwamba mapovu ya soda, na ya bia, na ya shampeni waliyoigombania mahakamani, yote ni hewa moja ya kaboni. Kwamba Mwingereza Priestley, aliyekaa jirani na kiwanda cha bia katika mji wa Leeds, aliikuta mwaka 1767 imelala juu ya mapipa ya pombe, akatundika maji ndani yake, akanywa maji ya kwanza yenye mapovu ya kutengenezwa na binadamu. Kisha akatuonyesha kwa kidole upande wa ziwa. Ndani ya vilindi vya Ziwa Kivu, alisema, imeyeyuka hewa hiyohiyo kiasi cha kilomita za ujazo 300, na pamoja nayo methani kilomita za ujazo 60; na ng’ambo ya mpaka, Gisenyi, kiwanda cha bia cha Bralirwa kilianza mwaka 1963 kuwasha matanuri yake kwa methani iliyovutwa kutoka ziwani. Tena hewa ya kaboni ndiyo hiyo inayotoka katika nyufa za mawe kando ya mji, ikajikusanya mabondeni bila rangi wala harufu, ikaua mbuzi na mara nyingine wachungaji wao, nayo huitwa mazuku. Mama alisikiliza kwa utulivu mpaka mwisho, akauliza: “Sasa munataka kubanywesha wakwe wangu mazuku?”

Bwana wa Brussels hakutaka kununua mapovu ya dukani. Alisema kule wanakijiji hutia shira ya msambuku katika chupa na hamira kidogo, hamira ikala sukari ikatoa mapovu yenyewe, bure. Hayo ni kweli, na mpwa wa mama alikiri kwa kichwa. Ila alitaja kwa sauti ya chini kwamba chupa ya kazi hiyo sharti iwe nene, na kwamba katika mji huu ulioinuka karibu meta 1,500 juu ya bahari hewa ya nje hukandamiza kidogo kuliko pwani. Sauti ya chini haisikiki katika nyumba ile. Chupa zilizobanwa vizibo kwa waya ziliwekwa juu ya kabati, chini ya bati linalopata jua kutwa, na usiku wa manane ya kwanza ikapasuka. Mjomba, kwingine chupa ikipasuka usiku watu hugeuka upande wa pili wakalala. Hapa, ambapo mlima ulishuka mjini mwaka 2002 ukapita katikati ya maduka, ukarudia Mei 2021 ukawatoa watu laki kadhaa mbio, na ambapo hata siku ya utulivu mlio wa usiku una tafsiri nyingi na zote mbaya, ilikuwa jambo jingine. Ilipopasuka ya pili mtaa ulikuwa umesimama: magodoro vichwani, watoto migongoni, na mzee mmoja ameshika redio na kuku. Ya tatu ilipasuka mbele ya mashahidi. Hakuumia mtu, lakini dari ya mama mpaka leo inanata, na bwana wa Brussels alipita nyumba kwa nyumba kuomba radhi kwa Kiswahili, Kifaransa chote kikiwa kimemtoroka.

Basi ikanunuliwa toniki. Barafu ilitakiwa pia, kwani mapovu hukaa katika kinywaji cha baridi na kukikimbia kilicho vuguvugu, na umeme ulikuwa umetuacha siku hiyo kama ilivyo hiari yake. Mwenye barafu wa karibu alikuwa muuza samaki wa kugandishwa, ambaye aliapa kwamba barafu yake na samaki wake hawajuani. Sitalifuatilia jambo hilo. Wakwe walifika na jua la saa tisa, wazee wenye kofia na kina mama wenye vitenge vya sare, na mbuzi wawili waliochoka na meli. Wakakalishwa, zikasomwa salamu ndefu za pande mbili, kisha bwana wa Brussels akatoka ndani na sinia la bilauri nyembamba. Chini shira yangu, juu yake ile ya aya iliyorukwa, juu yake toniki, na ukingoni kipande cha ndimu. Mapovu yalikuwa yanapanda kwa mstari, yakipasuka juu kwa mlio mdogo usiosikika ila ukiinamisha sikio. Zilikuwa nzuri, Mjomba. Sina la kusema zaidi kwa upande wa macho.

Mzee wao mkubwa alipokea bilauri kwa mikono miwili, akaitazama kimo chake, akatazama kreti za Primus zilizofichwa nusu nyuma ya pazia, akanyamaza. Mtu wa pwani hahitaji mkalimani wa kimya cha aina hiyo. Mgeni aliyevuka ziwa na mbuzi ameandaliwa vidole vitatu vya maji ya maua! Kina baba wengine wakaanza kuangaliana, mmoja akaulizia saa ya meli ya kurudi. Lakini mzee akaonja, akafumba macho, akaonja tena, na uso wake ukabadilika.

“Hii ni kinini,” alisema.

Bwana wa Brussels akaeleza kwa upole kwamba hiyo si dawa, ni kokteli. “Weye nyamaza,” mzee akamjibu, “mimi nilitumikaka kwa mashamba ya kinini. Najua uchungu wake kabla uzaliwe.” Akashika bilauri juu, akahutubia uani: jinsi mkwinini ulivyopandwa katika vilima vya kwao tangu enzi ya Wabelgiji, jinsi shina linavyogongwagongwa kwa rungu mpaka gome liachane na mti, jinsi gome linavyoanikwa likakunjamana na kugeuka jekundu, na jinsi mikono ya mpigaji inavyotia uchungu kila anachokila kwa wiki nzima. Na ni haki yake kusema, kwa maana Kivu ni miongoni mwa mahali panapotoa gome hilo kwa wingi duniani, na Bukavu kipo kiwanda cha Pharmakina kinacholisindika. Na Wafaransa wawili, Pelletier na Caventou, walioitenga kinini yenyewe mwaka 1820, walifanya hivyo kwa ajili ya homa, kabla wenye kiu hawajagundua kwamba uchungu ule ukitiwa sukari na mapovu unauzika barazani. Mzee akauliza chupa ile ndogo ya toniki ilinunuliwa bei gani. Akaambiwa. Akauliza imetoka wapi. Akaambiwa ng’ambo. Akacheka mpaka akashikwa, akadai chupa nyingine, halafu akadai kwamba kwa kuwa sehemu ya kinywaji hiki wameileta wakwe wenyewe miaka sitini iliyopita, na ihesabiwe katika mahari.

Ubishi uliofuata, Mjomba, ulikuwa wa furaha, na ulichukua muda mrefu kuliko mahari yenyewe, na mbuzi mmoja aliondolewa hesabuni akarudishwa mara mbili. Primus zikatoka nyuma ya pazia, zikapokewa kama jamaa waliopotea. Kina mama, ambao wengi wao ni watu wa kanisa linalokataza kileo, walikuwa wamekaa wakiulizana watapata nini, ndipo mwenye nyumba akaichukua shira yangu iliyobaki, akaitia maji baridi na ndimu, pasipo aya ile, akawapelekea kwa jagi. Jagi halikurudi. Likapelekwa jingine. Watoto wakalamba mwiko. Mtu wa Brussels alibaki na sinia lake, akinywa kwa utaratibu bilauri baada ya bilauri ili zisiharibike, na jioni alikuwa anamweleza yule mzee, kwa Kiswahili safi sasa, kesi ya shampeni kuanzia mwanzo.

Wakwe walipofika kwao walituma kwa meli furushi la magome makavu, hidaya ya mzee kwa rafiki yake mpya, na bwana huyo ameondoka nalo kwenda Ubelgiji ndani ya lile bati la biskuti, akiwa na azma ya kupika toniki yake mwenyewe pale Matonge. Namtakia heri, na jirani zake nawatakia dari imara.

Sasa nije katika haja yangu. Maua yamekwisha, na mama mwenye nyumba, bila kuniuliza, amekwisha kupokea kazi ya harusi moja ya Majengo na ubatizo mmoja wa hapa Katoyi, akiwaahidi watu sharubati ya maua ya Mutanzania. Tafadhali mwambie Shangazi anifungie chupa za marashi ya waridi, yale ya kula, si ya kunyunyizia wageni, na asumini kavu kiasi atakachopata. Azifunge katika nguo nzito na kuzipeleka kwa yule dereva wetu wa Tanga, naye atazifikisha Dar es Salaam katika shehena ya mwezi ujao. Juu ya sanduku iandikwe “shira” kwa herufi kubwa, isomeke na mtu yeyote atakayelishika njiani, na hasa na yule aliyewaletea habari zangu.

Wasalaam,
Mpwa wako, Katoyi, Goma